Yuko na Mteja

Wiki za mwisho kabla shule hazijafunguliwa, duka letu la sare hugeuka uwanja wa vita, na mwenye duka huniletea wanafunzi wa chuo wa kunisaidia. Nasema kunisaidia kwa sababu ndivyo asemavyo yeye. Ukweli ni kwamba siku za mwanzo mimi ndiye ninayewasaidia wao. Nawaonyesha stoo, nakunja upya masweta waliyoyakunja kama magunia, nawaombea radhi kwa wazazi. Wakishaiva, msimu umekwisha na wanarudi zao chuoni.

Mwaka huu nililetewa watatu, nikawabandika majina siku hiyo hiyo, maana ya kwao hayanikai kichwani. Profesa alikuwa kijana mrefu anayesoma falsafa, asiyekubali kitu bila mjadala. Chaji alikuwa msichana ambaye simu yake ilikuwa inazimika kila saa, na kila soketi ya duka aliijua kabla hajajua bei. Wa tatu alikuwa Samahani, binti mwembamba aliyeiomba radhi hata ngazi alipoigonga. Wao nao waliniita King'ora. Walidhani sijui.

Profesa alituumbua asubuhi ya kwanza. Alimpima mtoto vizuri, kifua, mabega, mikono, akamletea sweta lililomkaa barabara. Mama mtu akalitazama kana kwamba ametukanwa.

"Hili linamtosha!"

"Ndiyo, mama. Kabisa."

"Linamtosha leo! Mimi nataka la kumtosha mpaka amalize darasa la sita. Kwani hela naokota?"

Nikaingilia kati, nikaleta sweta ambalo mikono yake ilimfunika mtoto mpaka ncha za vidole, na mama akaondoka ameridhika. Profesa akataka tulijadili. Nikamwambia akapange soksi.

Chaji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu mume wangu afariki, mambo hayanifikii. Nilimuuguza mwenyewe, chumbani, kwenye harufu ya dawa na dirisha lisilofunguliwa, na alipokata roho kitu fulani ndani yangu kikafa ganzi. Silii, sicheki, chakula nakula kwa sababu ni saa ya kula. Ndiyo maana naupenda msimu. Watu wanapiga kelele, mimi nafanya kazi, siku inakwisha.

Safari hii nilikuwa na sababu nyingine ya kuupenda. Baba yangu alikuwa mgonjwa nyumbani kwa dada, upande wa pili wa mji, na hali yake ilikuwa inashuka. Dada alinipigia kila jioni.

"Mdogo wangu, Baba anakuulizia. Njoo umwone angali anajua watu."

"Nitakuja msimu ukiisha. Siwezi kuwaachia duka watoto hawa."

"Watoto? Si ulisema wa chuo kikuu?"

"Hujawaona wewe."

Ilikuwa sababu nzuri, hata mimi niliiamini. Kwa dada ni basi moja tu, na duka hufungwa jioni, lakini hilo dada hakulisema na mimi sikulitaja.

Shida ni kwamba watoto wenyewe waliiva mapema. Hata msimu haujafika nusu, Profesa alikuwa anawauzia wazazi masweta makubwa kwa hoja ambazo hakuna aliyeweza kuzipinga. Chaji aliweza kukuletea boksi lolote la stoo hata umeme ukikatika. Samahani nilimweka kaunta, kwenye simu ya duka, na yeye ndiye aliyeshika kazi kuliko wote. Nilimfundisha kwamba nikiwa kazini, anayeniulizia aambiwe kwa adabu kuwa niko na mteja, nitampigia baadaye. Simu zetu wenyewe zilikaa kwenye droo, na yangu pia.

Siku moja duka lilifurika mpaka foleni ikatoka nje. Watu walipopungua kidogo, Samahani akanifuata stoo.

"Samahani, madam. Baba yako alipiga asubuhi. Nilimwambia uko na mteja."

Nikaweka chini sketi nilizoshika. "Alipiga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mwanzoni hakusema ni nani. Ana sauti ya chini sana. Akauliza, wateja ni wengi? Nikamwambia wengi mno. Akasema basi usisumbuliwe." Alikuwa anaviringisha ile tepu ya kupimia kidoleni na kuiviringua. "Lakini hakukata. Akaniuliza nasoma nini, nimekula nini, wewe ni mkali kiasi gani. Akichoka ananyamaza, halafu anaendelea. Mwisho ndiyo akasema, mwambie baba yake anamsalimu. Nikataka kukuita, akakataa. Akasema ukiwa kazini hupendi kuitwa. Nimekosea?"

Alisimama akisubiri kufokewa. Alikuwa amefanya neno kwa neno nilivyomfundisha, tena kwa adabu kuliko ningefanya mimi. Niliitafuta hasira, sikuipata. Nikautafuta uchungu, nao haukuwepo.

"Hujakosea," nikamwambia.

"Basi nenda, madam. Tutafunga sisi."

Nikafungua mdomo nitaje jambo moja tu ambalo hawaliwezi. Kupitia mlango nilimwona Profesa akimalizana na baba wa mapacha, na Chaji akishuka ngazi na maboksi kifuani. Nikampa Samahani funguo.

Dada alinifungulia mlango akanipisha. Nilipofika chumbani kwa Baba, ile harufu ya dawa ikanipokea na miguu ikagoma kizingitini. Dada akanisukuma mgongoni taratibu.

Baba alikuwa amebaki mifupa na macho. Alinitazama kwa muda, kwa ile heshima anayopewa mgeni.

"Wewe ndiye yule binti wa dukani?"

Dada akataka kumsahihisha. Nikamshika mkono. Sijui kwa nini. Nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuwa binti wa dukani.

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja mpaka huku! Na kazi yote ile." Akapumzika. "Wateja wamepungua?"

"Wamepungua."

"Na yeye?"

Nikamnyooshea shuka. Baba akanipungia vidole, kama anayesema basi, yaishe.

"Usimfikirie vibaya. Watu wanasema ana roho ngumu. Anaogopa tu. Alimuuguza mumewe peke yake, unajua? Mimi, baba yake mzazi, nilikuwa nafika mpaka mlangoni, nasema nina shughuli, narudi. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa siwezi kukaa mle ndani." Macho yalikuwa yanajifumba. "Mwambie sina kinyongo naye. Kama hawezi kuja, asije. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mzee."

Akauachia mkono wake juu ya shuka, mwepesi, mkavu. Nikaushika. Hapo ndipo kile kilichokufa ganzi kiliponiuma, kwa mara ya kwanza tangu nifiwe, kikaniuma hasa, na machozi yakaja bila kuniuliza.

"Baba," nikasema, "ni mimi."

Alikuwa ameshasinzia. Dada akaninong'oneza kwamba akilala hivyo huchukua muda, na kwamba siku hizi si kila anapoamka anaongea. Akaniuliza kama nataka kwenda kungoja sebuleni.

Nikavuta kiti, nikakaa.