Somo la Lifti

Mwalimu wa fizikia alikuwa na vishikwambi sita kwa wanafunzi arobaini, na alivitumia vilivyo. Walirekodi mpira ukianguka, wakaisogeza video picha moja moja hadi wakaona jinsi unavyozidi kushika kasi. Walikimbia uwanjani na vishikwambi vifuani, vihisi vyake vya mwendo vikichora kila hatua. Somo la uzito ndani ya lifti ndilo lililomkwamisha: mji mzima haukuwa na lifti hata ya dawa.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mbali, mji wa maghorofa. Alikwenda kwa miezi sita. Miezi sita ikazaa mwaka, mwaka ukaita wenzake wawili. Mwalimu akampigia.

"Baba watoto, weka simu moja sakafuni mwa lifti, uwashe kihisi cha mwendo. Kwa nyingine nirekodie kioo cha hiyo simu lifti ikipanda."

"Miaka mitatu hujaniomba hata leso, leo unaniomba lifti!"

Video ikafika. Kesho yake darasa zima likajibana mbele ya ukuta ilipoonyeshwa. Mstari wa kihisi kwenye kioo cha simu ulikuwa umetulia kwenye tisa nukta nane. Lifti ilipong'oka, ukapanda hadi kumi nukta nane.

"Tunapanda, wanangu," sauti ya fundi ikasema. "Hapa hata mwembamba anajiona mzito."

Wakacheka, wakashika kalamu kukokotoa lifti imepanda umbali gani. Mwalimu hakucheka. Pembeni mwa picha aliona viatu vya kahawia vya mumewe, vile alivyompigia rangi asubuhi ya safari. Soli ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Mita arobaini na nne!" kiranja akapaza sauti. "Mwalimu, mzee anafanya kazi mawinguni!"

"Rudieni, mhakikishe."

Wakarudia. Jibu lilikuwa lilelile. Mwalimu akaionyesha video tena, na tena, mpaka kiranja akasema polepole, "Mwalimu, hesabu imeshatoka."

"Najua, mwanangu."

Mapumziko yalipofika, akabaki peke yake maabara, akapiga simu.

"Wameelewa?" mumewe akauliza.

"Wameelewa sana. Viatu vimekwisha."



"Kumbe umeviona."

"Nina macho, baba."

"Mkataba wameuongeza tena," akasema. "Wiki nzima natafuta pa kuanzia kukwambia."

Maneno ya kumlaumu mwalimu alikuwa nayo tele, ameyapanga miezi na miezi, lakini hakuna hata moja lililokuja.

"Basi shule ikifungwa, nakuja mimi."

"Chumba chenyewe ni kitanda na ndoo."

"Nimekuuliza chumba?"

Fundi akaanza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Njoo," akasema. "Njoo, mke wangu. Hata ungesema kesho, ningesema njoo."

Kengele ikalia. Mwalimu akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vioo vya vishikwambi, akafungua mlango, na kwa sauti iliyokwaruza akawaambia kidato cha pili waingie.