Karatasi za Chance

Généreuse alilizunguka duka la Muzee Evariste kama mtu anayetafuta mlango wa mganga. Kitu chenyewe kilikuwa karatasi tu. Kwenye sherehe ya komunyo alikuwa ameona kadi yenye maua ya vipande vya karatasi vilivyoviringishwa, vikaminywa kwa vidole na kugundishwa, na tangu siku hiyo mikono yake haikutulia. Lakini mwanamke mzima wa mtaa wa Mabanga, karani wa depo ya saruji, aingie dukani kununua vya kuchezea? Aliona haya hata kabla ya kufungua mdomo.

"Ni ya mutoto wa masomo?" Evariste akamuuliza alipomwona akigusagusa karatasi za rangi.

"Ndiyo, ni ya mutoto."

Hakuwa na mtoto. Katika shirika lao la parokia wanawake wote waliitwa Mama Rémy, Mama Christa, Mama Olive. Yeye peke yake alikuwa Tantine Généreuse, yaani shangazi tu, na kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa ameliitikia jina hilo akitabasamu, huku linamchoma.

"Iko na myaka ngapi?"

"Neuf ans, myaka tisa."

"Na jina?"

"Chance," akajibu. Jina hilo, lenye maana ya bahati, lilitoka haraka mno, kwa kuwa lilikuwa limekaa tayari moyoni tangu mwaka wa arusi.

"Basi, Mama Chance, ngoja nikuchagulie."

Mama Chance. Lilimwingia tamu, na aibu ikalifuata nyuma hapo hapo.

Muzee alichagua kama anayemchagulia mjukuu. Karatasi zinazong'aa akaziweka kando: zinateleza, hazishiki gundi. Akampa vipande vipana, maana vidole vya mtoto haviwezi vyembamba, mkasi butu, gundi ngumu ya kupaka, na kijiti kinene cha plastiki cha kuviringishia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na Généreuse akabeba vyote.

Nyumbani maua yalitoka manene kama mandazi. Alitaka kulia kwa upumbavu wake mwenyewe. Uongo ulikuwa umemnunulia vitu vya mtoto, na mtoto wa kuvitumia hakuwepo.

Akarudi. "Chance anasema hizi ni pana sana."

"Wa neuf ans, na anataka nyembamba?" Evariste akacheka. "Iko na akili huyu. Kamata hizi nyembamba, za trois millimètres, na sindano yenyewe, hii iko na ufa kwa ncha. Kole, ile gundi, baba wee, ni ile nyeupe ya chupa. Atie tone moja na cure-dent, kijiti cha meno, asimwage. Vingine asinunue kwanza. Na ulete kazi yake nione."

Angepita mtaa mwingine, yangeishia hapo. Lakini ua la kwanza lililokaa sawa lilipotoka mikononi mwake, la njano na jekundu, hakuwa na mtu wa kumwonyesha bila kuchekwa. Akaligundisha kwenye kadi, akampelekea Evariste kama kazi ya Chance. Muzee akaibandika juu ya kaunta, akaandika chini yake: Chance, 9 ans. Tangu hapo Généreuse akawa anapita dukani bila haja, ili asikie wateja wakimsifu mwanawe. Kila mara alitoka ameona haya, na kila mara alirudi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wifi yake Bibiche akamwomba amsindikize kununua madaftari. Bibiche alikuwa na watoto wengi na ulimi mkali kuliko wembe. Généreuse akajaribu kumvutia duka la mbele, lakini mwenzake alikwisha kuingia kwa Evariste.

"Mama Chance," muzee akaita mbele ya wanawake waliojaa kaunta, "mutoto hajambo?"

Bibiche akageuka. Akamtazama wifi yake, akalitazama ua ukutani, akasoma jina. Alilijua, aliambiwa zamani, Généreuse alipokuwa bado anangojea. Généreuse alitamani ardhi ipasuke immeze, na mjini Goma, chini ya volkano, hilo si ombi la mzaha.

"Hajambo, muzee," Bibiche akasema polepole. "Iko kwa nyumba. Mutilie na za bleu, anapenda bleu."

Hapo ndipo Généreuse alipovunjika. Ulimi wa Bibiche alikuwa amezoea kuuvumilia. Huruma yake hakuiweza. Aliona wazi kwamba wangetoka pale wawili wakimlea Chance pamoja, na uongo sasa ungekuwa na shangazi.

"Muzee," akasema. "Sina mutoto. Sijapata hata mumoja. Hii kazi ni ya mikono yangu. Nilikudanganya, unisamehe."

Mtu akakohoa. Evariste akashusha macho kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Kisha akaibandua kadi, akachukua kalamu, akakata jina la Chance kwa mstari mmoja.

"Niandike jina gani?"

"Généreuse."

Akaandika. Alipofika kwenye ile 9 ans mkono ukasita. Mtu huyu alikuwa na adabu, hakuthubutu kumuuliza mwanamke mzima umri wake.

"Quarante-quatre," akamsaidia, arobaini na minne.

Muzee akairudisha kadi ukutani, akavitia vipande vya buluu kwenye mfuko. Uso wa Généreuse ulikuwa bado unawaka, wala hakuweza kumtazama mtu. Evariste akamnyooshea mfuko kwa mikono miwili.

"Kamata, Mama Généreuse."