Vigingi Shambani kwa Mutembei

Kibarua Bundi aliinua nyundo, akalipiga bamba la chuma lililolazwa ardhini. Kompyuta ikamwonyesha Kaari mchoro mwingine tena, usiofanana na wa asubuhi.

"Nirudie, injinia?"

"Ngoja kwanza."

Walikuwa kilimani juu ya mji wa Mitunguu, upande ambako maji ya mabomba hayafiki. Mtikiso wa nyundo ulipaswa kushuka, vinasa vidogo vilivyochomekwa kwa mstari kama vigingi viunase ukirudi, naye Kaari ajue jiwe jeusi la volkeno ni jembamba wapi. Hapo ndipo kisima kingechimbwa. Mtambo ungekuja Jumatatu, na fedha zilitosha shimo moja tu. Akikosea, akina mama wangeendelea kuteremka mtoni na mitungi.

Asubuhi jiwe lilikuwa jembamba chini ya migomba ya mzee Mutembei. Baada ya chakula likawa nene papo hapo. Jiwe gani hunenepa watu wakila? Alikagua waya, akakagua betri, mwishowe akajishuku mwenyewe. Pengine shahada aliipata kwa bahati.

Alipochukua tepu na kupima, akaduwaa. Mstari ulikuwa umepinda, ukaingia kwenye viazi vya jirani yake, Mama Kiende.

"Mzee, nani amegusa vinasa hivi?"

Mutembei akakohoa. "Nilisogeza kidogo tu, mwari, binti yangu. Vigingi vikilala kwa mtu, kesho vinaitwa mpaka."

"Kumbe ni wewe!" Mama Kiende akaruka kutoka kwenye viazi vyake. "Na mimi nikavirudisha nikidhani ni mbuzi!"

"Mbuzi gani anachomeka waya?" Mutembei akadakia.

Bundi alicheka mpaka akaketi. Kaari hakucheka. Alichomeka upya, akapima, nyundo ikapiga tena na tena. Safari hii michoro ilifanana yote, lakini haikusema kitu. Mtikiso ulikimbia juu ya jiwe gumu; kutoka chini yake hakikurudi chochote.

"Sasa umeona?" Mutembei aliuliza.

Kaari aliwatazama. Angeonyesha kwa kidole popote, wangemshukuru.

"Naona jiwe linapoanza, mzee. Linapoishia sioni. Sijui kama ni mashine au ni mimi."

"Na Jumatatu?"

Akapiga simu mbele yao, akawaambia wachimbaji wasije. Mama Kiende akaokota mtungi wake, akautua tena.

"Nataka kujaribu mstari mrefu, unaoona chini zaidi," Kaari alisema. "Kutoka huku mpaka barabarani. Labda utaonyesha. Labda hapana."

"Upite katikati ya migomba yangu?"

"Katikati kabisa."

Mutembei aliitazama migomba yake, kisha akamgeukia Mama Kiende. "Basi huyu aseme, watu wakisikia, kwamba si mpaka."

Mama Kiende akawaita majirani, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba mstari huo si mpaka. Kaari akavuta tepu kuelekea kwenye migomba, asijue kama jiwe lingemjibu.