Mikono ya Koti la Shangazi

Mimi hasira sina. Muulize yeyote kwenye jengo letu, hata wale wanaogombania bomba la maji: yule fundi cherehani wa juu umewahi kumwona amenuna? Watakucheka.

Nilikuwa hivyo mpaka alipofika Kijiti.

Nimesoma naye sekondari. Jina tulimpa kwa wembamba. Kijiti kikaenda ng'ambo, limerudi gogo. Aliposema atafikia kwangu nikamjibu karibu, nyumba ni yako. Sikujua angeichukua kweli. Nina chumba na sebule, na sebule ndiyo kiwanda: cherehani dirishani, pasi mezani, vitambaa kwenye kochi.

Cherehani yenyewe alininunulia Shangazi, anayeishi ghorofa ya chini. Siku hiyo nilikuwa namshonea koti la kuvaa kwenye usaili wa kazi ya mwalimu mkuu, mchana huohuo. Na alikuwa ameshaapa: "Ukiniangusha tena, cherehani nampa binamu yako. Yule angalau anajua saa."

Nilikwenda jikoni kubandika chai tu. Kurudi, Kijiti kalala kifudifudi kwenye kochi, juu ya mikono yote miwili ya koti, ambayo nilikuwa bado sijaiunga.

"We Kijiti! Amka, umelalia kazi!"

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi!"

"Kule ni usiku wa manane," akasema, akageuzia uso ukutani.

"Basi rudi kule ukalale!"

Huyu ndiye aliyekesha akinihoji habari za kila mwalimu wetu, nami nasinzia nikimjibu. Nikaivuta ile mikono chini ya tumbo lake kama mtu anayeng'oa muhogo. Nikawasha cherehani.

"Punguza kelele, ndugu yangu," akanung'unika. "Inanigonga kichwani."

"Kelele? Hizi kelele ndizo zinazolipia kochi unalokoromea!"

Damu ikanichemka. Nikakanyaga pedali kama namkanyaga yeye. Nikamtukana, nikaitukana ndege iliyomleta, nikamtukana na rubani kwa kutopotea njia. Nilipomaliza nikalitundika koti, nikarudi nyuma nilitazame.

Mkono wa kushoto nimeuunga kulia. Wa kulia, kushoto. Yote miwili imepinda kwenda nyuma, utadhani koti linataka kujikuna mgongo.

Na ndani ya kila mkono nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa chaki ya bluu: KUSHOTO. KULIA. Herufi kubwa, mtoto wa chekechea angesoma.

Kwenye ngazi nikasikia viatu vya Shangazi. Nikanyakua kitambaa kibichi cha kupigia pasi, nikaigeuza ile mikono, nikasugua mpaka maandishi yakapotea.

Akaingia amependeza, amebakiza koti tu. Akalivaa. Akajaribu kuleta mikono mbele, ikagoma.

"Hili koti au pingu?"

"Shangazi, muulize huyo!" Sauti yangu ilifika mtaani. "Kanilalia mikono, jasho lake likafuta alama zote! Ningejuaje upi ni upi? Mtu mzima, analala mchana kama popo!"

Kochi likalia. Kijiti akaketi, macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Asante. Mimi usingizi ulinikimbia tangu alipoanza kumtukana rubani. Nimelala hapo macho wazi. Alama zilikuwepo, Shangazi. Kazifuta mwenyewe ulipokuwa kwenye ngazi, na kitambaa kile pale, kimejaa bluu."

"Mwongo!" nikafoka. "Mwongo mkubwa, umekula chakula changu—"

"Mwambie akuonyeshe viganja," akasema Kijiti, akapiga mwayo.

Shangazi hakupandisha sauti. Alivua koti, akaliweka mezani, akachomoa waya wa cherehani ukutani, akaanza kuukunja taratibu.

"Lete mikono," akasema.

Nilikuwa nimeshaipeleka nyuma, kama lile koti.