Nyangumi wa Mkono wa Kushoto

Kila mwaka, shule zikishafungwa kwa kiangazi, Natsue alitoa mito miwili ya kukalia, akaianika uani na kuipiga kwa fimbo mpaka vumbi likaisha. Mmoja wake, mmoja wa Koto. Sebuleni aliiweka ikitazamana, kwa sababu Koto ni wa mkono wa kushoto, na mtoto wa kushoto hafundishwi kufuma akiwa ubavuni pako. Unamweka mbele yako kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mkono wako wa kulia ukienda, wake wa kushoto unaufuata, na uzi haupingani na mtu.

Koto alikuwa mtoto wa Rikako, dada yake Natsue, aliyeolewa Osaka. Tangu darasa la kwanza aliletwa pale Ushirohama, kwenye pwani, akaachwa mwezi mzima wa Agosti, na katika mwezi huo alifanya ile kazi ya likizo ambayo kila mwanafunzi hujichagulia mwenyewe. Wenzake walifuga mbawakawa, wengine wakapima mvua kwenye kopo. Koto alifuma midoli ya viumbe vya bahari kwa sindano ya kroshia, akaijaza pamba. Mwaka wa kwanza alipeleka shuleni pweza mwenye miguu minne na nusu. Wa pili bunju, wa tatu ngisi, na kufikia mwaka wa tano alifuma kasa ambaye hata magamba yake yalikuwa yamekaa sawa.

Natsue alikuwa na miaka thelathini na mbili, hana mume wala mtoto, anaishi na mama yake, Bibi Fumi. Alfajiri alikwenda kwenye banda la kukaushia samaki, akapasua vibua hadi saa tano. Akirudi alisugua mikono kwa chumvi na majani ya chai, mara mbili, ili uzi usinuke. Hapo ndipo siku yake ilipoanza. Watu wa mtaani walikuwa wakisema Natsue anaishi mwezi mmoja kwa mwaka, ile mingine anaisubiri tu. Walisema kwa utani, naye hakuwakatalia.

Mezani mambo yalikuwa mengine. Bibi Fumi alikuwa na neno moja kwa mjukuu wake, na Rikako alilirithi: "Mkono." Hawakufoka, wala hawakueleza. Koto akishika vijiti vya kulia kwa kushoto, "Mkono." Akishika kalamu, "Mkono." Mtoto akahamisha, na baada ya miaka miwili mitatu alikuwa akila na kuandika kwa kulia kama watu wengine, ila polepole, kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Mkono wa kushoto ukabakiwa na kroshia peke yake. Hilo walilijua yeye na Natsue tu, maana mama yake hakuwahi kukaa hata siku moja kutazama mtoto anavyofuma.

Mwaka jana, wakati gari moshi linaingia kituoni, Koto alimshika mama yake mdogo mkono wa nguo akamwambia, "Mwakani darasa la sita, la mwisho. Tufume nyangumi, Mamdogo. Mkubwa kama mto wa kulalia."

Basi majira yote ya baridi Natsue alitafuta uzi. Alitaka rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, na mabonge yote yawe ya pipa moja la rangi, maana uzi wa pipa hili na wa pipa lile hata ukifanana dukani, ukishafumwa unaonyesha mstari. Alizunguka miji mitatu akilinganisha namba kwenye karatasi za mabonge. Alipata tisa. Akayafunga kwenye kitambaa na kuyaweka kabatini pamoja na kimono cha marehemu baba yake.

Agosti ikaingia, mtoto hakuja. Rikako alipiga simu akasema kuna twisheni. Koto alitakiwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya sekondari ya binafsi, shule ambayo kwenye usaili hutazama mpaka mtoto anavyoinama. Wangekuja siku za Bon, marehemu wanaporudi nyumbani, wakae siku nne basi.

Walifika tarehe kumi na tatu. Koto alikuwa amerefuka, na begi lake la vitabu lilimvuta bega moja chini. Bibi Fumi alikuwa ameshaweka mbele ya picha ya babu farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, wa kumleta nyumbani, na ng'ombe wa bilinganya wa kumrudisha. Walikula tambi za baridi, Koto akala kwa mkono wa kulia bila kuambiwa na mtu.

Baada ya kula Rikako alimfuata mdogo wake jikoni. Alianza kwa kumsifia ngozi, akasema hewa ya pwani inamfaa, na kwamba kuishi bila mume kuna raha zake. Natsue alijua kuna ombi nyuma ya sifa hizo. Kweli, likatoka. Kazi ya likizo ya darasa la sita ingetazamwa sana, na mtoto hana hata saa moja. Je, Natsue angeweza kufuma viumbe watano, nyangumi akiwemo, na kuwatuma kabla ya mwezi kwisha?

"Ila ufume kitoto-kitoto," Rikako alisema. "Usituonyeshe ufundi wako, watatushtukia. Na uwaanike vizuri kabla hujawatuma, wasinuke samaki."

Natsue aliuliza Koto mwenyewe amesemaje. Rikako akacheka kidogo. "Atasemaje? Mtoto ana mtihani. Wewe una nafasi, Natsue. Hufungwi na lolote."

Natsue alimaliza kuosha bakuli, akaenda chumbani alikokuwa Koto, akamfungulia kile kitambaa chenye mabonge tisa. Koto aliacha kalamu. Aligusa bonge moja, akalibonyeza, akaliweka shavuni kama alivyozoea akiwa mdogo. Halafu akatazama mlango.

"Sina nafasi, Mamdogo," alisema. "Samahani." Akarudi kwenye hesabu zake.

Hata hivyo siku ya tatu, Rikako alipokwenda makaburini na Bibi Fumi kupeleka maua, Koto alitoka chumbani bila kuitwa akakaa kwenye mto wake. Natsue alikaa mbele yake upesi, asije akabadili mawazo. Mikono ikaondoka pamoja, wa kulia na wa kushoto. Koto alifunga duara la kuanzia, akatia ndani yake vitanzi sita, ambavyo huwa ndiyo ncha ya pua ya nyangumi. Chai ya shayiri ilikuwa katikati yao na barafu ikiyeyuka. Kabla ya kitanzi cha saba lango lilifunguliwa, sauti ya Rikako ikasikika uani, na Koto akaweka sindano chini kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Tarehe kumi na sita waliondoka. Bahari ilikuwa imeshaanza kujaa konyeza, kama kawaida baada ya Bon, na hakuna aliyeogelea tena.

Natsue alikaa na lile duara la vitanzi sita kiganjani. Mtu mwingine angelifumua akaanza upya kwa mkono wake, na kazi ingekwisha kwa siku kumi. Lakini lilikuwa limefumwa kwa kushoto, linazunguka kwa kushoto. Ukiliendeleza kwa kulia itabidi uligeuze, ndani kuwe nje, na nyangumi atoke na sura ya nguo iliyovaliwa kinyume. Akilifumua, hakutakuwa na chochote cha Koto ndani ya nyangumi wa Koto. Tena mwalimu yeyote anayejua kroshia angetazama vitanzi vinavyolala akajua huyu si yule wa miaka mitano iliyopita. Hivyo alijiambia. Lakini hili la mwalimu alilitafuta baadaye. Sababu ya kwanza ilikuwa ile nyingine.

Akahamishia sindano mkono wa kushoto.

Hakuwahi kuona aibu kama ile. Uzi ulimtoka, kidole kilikakamaa, kitanzi kimoja kilibana na cha pili kikapwaya kama mdomo wa kibogoyo. Alivuta kioo cha kabati akakaa mbele yake, ili mkono wa kwenye kioo uufundishe wake. Aliutoa mto wa Koto mahali pake kwa sababu kioo kilihitaji nafasi. Kila alasiri, akitoka kwenye samaki, alikaa hapo. Pweza akatoka, akatoka samaki taa, akatoka konyeza mwenye nyuzi ndefu, akatoka bunju. Wote walipinda kidogo, kitoto-kitoto, bila yeye kuigiza. Kidole chake cha shahada kilitoka lengelenge, likapasuka, likaingia chumvi ya bandani. Kiyose, mama mtu mzima aliyepasua samaki naye meza moja, alimcheka. "Wenzako wanapata vidonda kwa kisu, wewe unavipata kwa pweza."

Nyangumi alikwisha tarehe ishirini na nane. Aliwaanika wote watano siku mbili, akawatuma. Rikako alijibu kwa ujumbe wa simu, neno moja la shukrani na picha ya kichwa kinachoinama.

Septemba, joto likiwa bado halijapungua, barua ya shule ilimfikia Bibi Fumi kwa jina la bibi wa mwanafunzi: kazi ya Koto imepata karatasi ya dhahabu ya ushindi, itaonyeshwa ukumbini Jumamosi. Bibi Fumi miguu ilimuuma. Natsue akaenda Osaka yeye, mwendo wa saa tatu na nusu ndani ya gari moshi, akiwa na boksi la vibua vya kukausha magotini.

Viumbe wake watano walikuwa kwenye meza ya katikati, juu ya kitambaa cha buluu, na karatasi ya dhahabu imebandikwa ubavuni pao. Nyuma ya meza kulisimama ubao wenye maelezo, mwandiko wa Koto, ule wa polepole. Natsue alisoma taratibu, mstari kwa mstari. *Kiangazi hiki mama yangu alinifundisha kufuma viumbe vya bahari. Tulikaa bega kwa bega kila jioni.* Chini yake palikuwa na picha: Rikako na Koto wamekaa bega kwa bega kweli, na Koto ameshika sindano ya kroshia kwa mkono wa kulia.

Aliisoma mara ya pili, labda kuna mstari ameuruka. Hakuuruka.

Rikako alimwona kwa mbali. Uso wake ulibadilika, kisha ukarudi mahali pake. Mwalimu wa darasa, Bi Kanbe, alikuwa karibu, kwa hiyo ilibidi amtambulishe. Alisema huyu ni mdogo wake, anafanya kazi ya samaki huko pwani. Bi Kanbe akainama, akasema samaki wa huko ni watamu sana. Halafu akawageukia wazazi waliojaa mezani, akamwomba Koto awaonyeshe kidogo anavyofuma. Sindano na uzi vilikuwa pale pale, vimewekwa kama pambo.

Koto alichukua sindano kwa mkono wa kulia. Alifunga duara likafunguka. Akafunga tena. Kitanzi cha kwanza kilimtoka, na mzazi mmoja akacheka kwa upole. Masikio ya mtoto yakawa mekundu. Natsue alikuwa upande wa pili wa meza, na bila kupanga akasogea mpaka akawa mbele yake sawasawa, akainua mikono usawa wa kifua, mkono wa kulia ukienda hewani bila uzi. Koto aliinua macho akamwona. Sindano ikahama yenyewe kwenda kushoto. Kitanzi kimoja, viwili, vitatu, laini kama maji, na watu wakaanza kusema ah.

"Mkono," Rikako alisema nyuma ya mtoto, kwa sauti ya chini.

Koto akaacha. Akarudisha sindano kulia, uzi ukajisokota, vile vitanzi vitatu vikavutika vikapotea. Akaweka kila kitu chini, akainama, akasema samahani, ana haya mbele ya watu. Bi Kanbe alisema haya ni tabia njema kwa msichana, na wote wakapiga makofi. Mikono ya Natsue ilikuwa bado iko juu. Akaishusha.

Hakukaa sana. Boksi la samaki alimwachia dada yake, naye alilipokea kwa ncha za vidole. Alikuwa ameshafika langoni Koto alipomkimbilia na mwavuli wake aliousahau. Alimpa, lakini hakuondoka mara moja.

"Ulifuma kwa kushoto," Koto alisema. "Wote watano. Nimewageuza nikaona."

"Ndiyo."

"Hakukuwa na haja, Mamdogo." Alisema kwa upole, kama mtu mzima anayemwambia mtoto. "Pale hakuna anayejua kutazama."

Kutoka ukumbini aliitwa jina, akarudi kwa hatua za haraka. Mlangoni alipita bila kugeuka.

Jumatatu, bandani, Natsue alikuwa amepasua nusu ya kreti alipogundua kwamba Kiyose anamtazama. Akatazama chini. Kisu kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, na vibua vilivyokuwa mbele yake vimefunguka upande usiotakiwa, migongo ikiwa mahali pa matumbo, nusu kreti isiyofaa kupangwa na samaki wengine.

"Wewe," Kiyose alisema. "Mkono."

Natsue akahamisha kisu.