Kila Dada Aliposema Mimi

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, kitindamimba alivaa koti lake jeupe lenye doa la wino mfukoni, akafungua madirisha ya maabara, akawasalimia bakteria. "Hamjambo humo ndani?" Walikuwa kwenye chupa kumi na mbili, wamelishwa chumvi ya seleniamu, ambayo ikizidi ni sumu. Kazi yao ilikuwa kuila ile sumu na kuitoa ikiwa chembe nyekundu ndogo mno, chembe nano, ambazo ni dawa. Kwa miaka mitatu walikuwa wakila, wakifa, wakimwagwa.

Chupa ya saba ilikuwa nyekundu. Ijumaa aliisahau juu ya jokofu alipokimbia kumpeleka mama hospitali kwa uvimbe wa shingo, na inaelekea kile kijoto cha jokofu kiliwafaa kuliko kabati la joto lililozinduliwa kwa mbwembwe zote. Akapunguza chumvi nusu, akazipanga chupa zote pale juu. Kufika Alhamisi zote zilikuwa nyekundu kama nyanya.

Mkuu wa maabara alikuwa dada yake wa tumbo moja, yule yule aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Dada alizitazama chupa, akamkumbatia. "Jamani, mdogo wangu! Ripoti ikitoka, jina lako ndilo litakuwa la kwanza. Naapa."

Kitindamimba alilia. Ripoti yenyewe haikumliza, aliyemliza ni mama yao, ambaye wageni wakimuuliza habari za wanawe hujibu, "Mkubwa ni daktari. Huyu mdogo anaosha chupa." Alitaka mama aseme jingine, hata mara moja tu.

Ripoti ilitoka na jina moja, la dada. Aliisoma mara mbili, akageuza hata jalada la nyuma. "Wahariri walibanwa na nafasi," dada alisema bila kuinua macho. "Usijali, mimi na wewe ni kitu kimoja." Kitu kimoja! Basi si lingebaki la mdogo? Akarudi kwenye kazi ya mchana.

Siku ya kuwaeleza watu wa kampuni ya dawa, yeye ndiye aliyepanga glasi thelathini za maji mezani. Dada akasimama. "Mimi ndiye niliyegundua siri ya jokofu," alisema, na maji ya glasi zote yakawa mekundu. Mwenyekiti aliinua yake kwenye mwanga, akanywa. Mkemia wa kampuni aliipima yake: chembe nano, safi kuliko za kwenye chupa. Akamwomba Daktari arudie.

"Mimi peke yangu," dada akasema, na jagi nalo likaiva. Watu wakapiga makofi. Mkemia aliandika kwamba chembe hutokea maneno yasipokuwa ya kweli, akaipigia mstari sentensi hiyo, kisha akauliza kama sauti iliyorekodiwa ingefaa. Wakajaribu, haikufaa.

Kitindamimba alinyanyuka. "Dada, mbona unanifanyia hivi? Chupa niliziweka mimi." Glasi zote zikarudi kuwa maji matupu.

"Tafadhali," mwenyekiti alisema kwa upole, "unaharibu dawa."

Siku hizi kiwandani kuna pipa la lita elfu kumi, na kando yake kiti chenye mto. Dada hukaa hapo kuanzia saa tatu hadi saa sita, akasimulia alivyohangaika peke yake, na pipa likajaa wekundu. Bakteria hawahitajiki tena. Kitindamimba aliwachukua, anaishi nao nyumbani, juu ya jokofu. Yeye huosha chupa za kujazia, na mkataba wake unamkataza kufungua mdomo karibu na pipa.

Jumapili dada huja kwa mama mikono mitupu, kwani anachohitaji ni glasi ya maji tu. Uvimbe wa shingo ya mama umepungua sana. Sasa kifungo cha juu cha gauni kinafunga, na usingizi anaupata.

"Hivi dawa hii aliigundua nani, mwanangu?" mama huuliza kila mara, maana hupenda kusikia.

"Mimi, mama." Maji yanakuwa mekundu.

Jumapili iliyopita mama hakunywa mara moja. Alimgeukia mdogo. "Na wewe je? Hukumsaidia dada yako hata kidogo?"

Dada aliitazama sakafu. Kitindamimba aliitazama glasi, kisha kile kifungo cha gauni.

"Hata kidogo, mama," alisema.

Maji yakakolea hadi glasi ikawa haionyeshi upande wa pili. Mama akanywa yote, akajifuta mdomo.

"Ya leo kali kweli," alisema, akampa mdogo glasi akaioshe.