Robo Saa ya Patan

Mtaani kwa kina Rojina Tamrakar, pale Patan, mji wa Nepal uliopakana na Kathmandu, maji ya bomba hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri siku ya zamu, na asiyewasha pampu papo hapo huambulia upepo. Ndiyo maana mama mkwe wake, Astamaya, alikuwa na kengele ya maji kwenye simu. Programu hiyo aliiandika Rojina mwenyewe, na Astamaya aliitangaza mtaa mzima kana kwamba ameizaa yeye.

Kisha Rojina akaiandika upya kwa lugha mpya ya kompyuta, iliyokuwa ikisifiwa sana kazini kwake. Tangu hapo kengele ikawa inalia robo saa baada ya maji kufunguliwa. Ndani ya robo saa hiyo jirani wa ukuta kwa ukuta, Heramaya, mwenye pampu yenye pupa kama yeye, alikuwa keshajaza tangi, madumu na hata masufuria ya harusi.

"Nasikia kwenu mna mhandisi," Heramaya akamwambia Astamaya mlangoni, kwa sauti ya msibani. "Akipata nafasi aje, nitamchotea ndoo moja."

Badala ya kuomba radhi, Rojina akajitia kujua. Alidai Mama ndiye aliyeharibu saa kwa kufuata tamthilia za Kihindi, ambazo ratiba yake ni ya Delhi, na Delhi iko nyuma ya Nepal kwa robo saa. Astamaya akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya saa ya ukutani, akamsogezea simu hadi puani. Zote mbili zilikubaliana.

"Tamthilia ni za Delhi, mwanangu, lakini mimi naishi hapa," akasema. "Sasa kamuulize huyo kompyuta wako yeye anaishi wapi."

Rojina akaenda kuuliza kweli. Lugha ya kompyuta huja na maktaba yake ya misimbo iliyokwisha kuandikwa, kama bi harusi anavyokuja na vyombo vyake: hujapika, lakini sufuria zimo, na hakuna anayezigonga kwanza kuona kama zinavuja. Yeye sasa akazigonga. Akafunua chombo cha kupima saa, akasoma mstari kwa mstari, hadi akakuta mahali ambapo mtu alikuwa ameamua kwamba nchi hupishana na saa ya dunia kwa saa kamili au kwa nusu saa, basi. Nepal imetangulia saa ya dunia kwa saa tano na dakika arobaini na tano. Mstari ule ukaona arobaini na tano, ukaikata ikawa thelathini, ukawahamishia watu wote wa Nepal kwenye saa ya Delhi bila hata kuwafungashia chakula cha njiani.

Mumewe akamshauri aongeze robo saa kwenye programu yake, wapate maji, maisha yaendelee. Rojina akamtazama kama anayetazama chai iliyopoa.

"Nikiongeza robo saa kwangu, nitakuwa nimekiri kwamba sisi ndio tuliokosea," akasema. "Mwenye kosa ni yule. Atarekebisha yule."

Akamwandikia mtunzaji wa maktaba ile, bwana mmoja wa Uswidi aitwaye Joakim. Joakim alijibu kwa adabu kwamba hapo hapana kosa, kwa kuwa maelezo ya matumizi yanasema wazi: saa kamili au nusu saa. Rojina akamjibu, kwa adabu ileile, kwamba basi maelezo nayo ni mabovu, na vitu viwili vibovu vikikubaliana havigeuki kuwa vizima. Joakim akalegea kidogo. Alikuwa tayari kuongeza kwenye maelezo kwamba chombo hakifai kwa sehemu chache zenye saa zisizo za kawaida.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma Rojina. Siku hiyo hata pepeta yake, mchele wa kupondwa wa kila siku, hakuimaliza. Astamaya alipoulizia, akamsomea, na bibi akataka kujua huyo bwana kwao jua linachomoza saa ngapi wakati wa baridi. Alipoambiwa kuna miji ya huko ambako halichomozi kabisa, akacheka hadi akashika mbavu.

"Halafu sisi ndio tusio wa kawaida," akasema.

Rojina hakuyaandika hayo, ingawa mkono ulimwasha. Alituma kitu kingine: rekebisho lenyewe, fupi tu, pamoja na jaribio la kulipima. Jaribio hilo aliliita Maji ya Patan. Linaiuliza maktaba: bomba likifunguliwa Patan saa kumi na moja alfajiri, saa ya dunia ni ngapi? Kwa msimbo wa zamani, jibu lilitoka jekundu, yaani la kosa. Kwa msimbo wake, kijani. Chini yake akaongeza sentensi moja, kwamba nchi nzima yenye mamilioni ya watu wanaochota maji haiwezi kuitwa isiyo ya kawaida.

Zikapita siku kadhaa. Kisha Joakim akakubali rekebisho lote, akaomba samahani, akamwomba Rojina aandike maelezo mapya yeye mwenyewe. Akaandika: "Usidhani dakika za tofauti ni sifuri au thelathini tu. Kathmandu, kwa mfano, ni arobaini na tano." Jina lake likawekwa kwenye orodha ya waliojenga lugha ile.

Toleo jipya lilipotoka, kengele ililia kwa wakati. Pampu ya Astamaya ikanguruma kabla ya ya Heramaya, na tangi likafurika hadi uani. Bibi akamkalisha Rojina kwenye mkeka, akampa yai la kuchemsha, samaki mkavu na kikombe cha aila, pombe kali ya nyumbani, kama apewavyo aliyefaulu jambo kubwa. Rojina akainama akaomba radhi kwa yale maneno ya tamthilia, na bibi akamwambia anywe kwanza.

Kisha akataka asomewe kilichoandikwa. Akasomewa. Akakunja uso.

"Kathmandu? Maji tuyakose Patan, sifa ziende Kathmandu?"

Rojina akamweleza kuhusu lile jaribio: kwamba tangu sasa, mtu yeyote duniani akigusa lugha ile, hata huyo Joakim, mashine haimruhusu kupita hadi ihakikishe kwanza maji ya Patan yamefunguliwa saa ngapi.

Astamaya akalitafakari hilo, akajimiminia aila kidogo na yeye.

"Mwiteni Heramaya," akasema. "Mwambieni aje na ndoo. Moja."